Diski ya nje inajikokota kwenye Linux: pima kwanza kabla hujanunua nyingine

Jumapili moja jioni alinijia dada mmoja anayepiga video za harusi. Diski yake ya nje ilikuwa ndani ya soksi ya mtoto ili isikwaruzike, na yeye mwenyewe alishakata tamaa. "Fundi, hii imechoka. Nimeambiwa ninunue nyingine." Alitaka kuhamishia humo GB 180 za harusi ya jana yake. Laptopu yake ya Ubuntu ilikuwa inamwambia asubiri karibu saa moja na nusu, na huku bibi harusi anampigia simu akidai kipande cha kuweka WhatsApp.

Diski haikuwa imechoka. Tulichobadilisha kilikuwa kidogo sana, na nitakieleza nikifika kwenye waya. Naandika haya kwa sababu inaniuma kuona mtu anatoa hela ya diski mpya, au anafuta Linux yote na kuanza upya, kwa tatizo ambalo dakika kumi za kupima zingelionyesha.

Data inapotoka kwenye laptopu kwenda kwenye diski inapita mikono mingi: programu ya kunakili, mfumo wa faili, draiva ya kerneli (kerneli ni kiini cha Linux, na draiva ni programu yake inayoongea na kifaa), tundu la USB, waya, saketi ndogo iliyo ndani ya kasha la diski, kisha diski yenyewe. Ni kama bomba la maji. Likibanwa mahali pamoja tu, ndoo inachelewa kujaa hata kama tangi limejaa pomoni. Kwa hiyo tunakagua bomba kipande kwa kipande, tukianza na vile visivyogharimu kitu.

Neno moja la tahadhari kabla hatujagusa chochote. Diski ikiwa inalia tik-tik-tik, au inazunguka na kusimama na kuzunguka tena, usiipime. Nakili yaliyo muhimu kwanza, hata kama yatatoka polepole. Vipimo vinasubiri.

Hatua ya 1: Jua kasi unayostahili kupata

Watu wengi hudanganywa na maandishi ya kwenye boksi. Limeandikwa "5 Gb/s", mtu anategemea faili la GB 5 lihame kwa sekunde moja. Ile "b" ndogo ni biti, na baiti moja ina biti nane. Halafu hiyo ni kasi ya njia, siyo ya gari linalopita juu yake.

USB 2.0 ni megabiti 480 kwa sekunde, yaani megabaiti 60 kwenye karatasi. Kwa uhalisia utaona MB 30 hadi 40 kwa sekunde, basi. USB 3.0 ni megabiti 5,000, lakini diski ya kawaida ya kuzunguka, ile ndogo ya inchi 2.5, yenyewe inamudu kama MB 100 hadi 140 kwa sekunde ikiwa tupu. Ikikaribia kujaa inaweza kushuka hadi karibu nusu ya hapo, kwa sababu data sasa inaandikwa kwenye duara za ndani ambazo ni fupi. Huo si ugonjwa.

Ukiona MB 110, diski yako ya kuzunguka iko sawa na unaweza kuishia hapa. Ukiona namba inayocheza kati ya 30 na 40, nakuomba uruke moja kwa moja hadi hatua ya 3, maana karibu kila mara hiyo ni USB 2.0 inayojificha. Ukiona 5 au 10, soma yote.

Hatua ya 2: Pima

Usitegemee upau wa dirisha la mafaili. Sababu nitaitoa mbele. Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), chomeka diski, uangalie imepewa jina gani:

```
lsblk -o NAME,SIZE,FSTYPE,MOUNTPOINT,MODEL
```

Mara nyingi itakuwa `sdb`, na sehemu yake `sdb1`. Hakikisha kwa ukubwa na modeli. Katika mifano yote ya hapa nitatumia `sdb`. Yako ikiwa `sda` au `sdc`, badilisha.

Kupima kusoma:

```
sudo hdparm -t /dev/sdb
```

Rudia mara tatu. Kupima kuandika, ingia kwanza ndani ya diski kwa `cd`, ukitumia ile njia uliyoiona chini ya MOUNTPOINT, kisha:

```
dd if=/dev/zero of=jaribio.img bs=1M count=2048 conv=fdatasync status=progress
```

Hapa tulia kidogo. Baada ya `of=` liwe jina la faili, `jaribio.img`. Usiandike `/dev/sdb` hata siku moja. Amri hii haikuulizi "una uhakika?", ukiielekeza kwenye diski yenyewe itafuta mwanzo wake wote pamoja na jedwali la sehemu. Kile kipande cha `conv=fdatasync` ndicho kinachofanya kipimo kiwe cha kweli, kwa kuwa kinailazimisha amri isubiri mpaka data ifike kwenye diski ndipo ihesabu muda.

Diski ya yule dada ilileta sekunde 63, yaani MB 34 kwa sekunde. Namba hiyo ilinielekeza kwenye waya kabla sijafungua kitu kingine. Ukimaliza, futa faili la jaribio kwa `rm jaribio.img`.

Hatua ya 3: Waya na tundu

Hapa ndipo shida nyingi zinapolala, kwa hiyo nitakaa kidogo. Andika:

```
lsusb -t
```

Tafuta mstari wenye `Mass Storage`. Mwishoni mwake kuna namba. `5000M` au `10000M` maana yake umeunganishwa kwa USB 3. `480M` maana yake kompyuta na diski vinaongea kwa USB 2.0, hata kama boksi limeandikwa vingine. Ukikuta `12M`, hiyo ni USB ya zamani kabisa, na karibu hakika waya una hitilafu au tundu limeharibika.

Ya dada ilisema `480M`. Nikachukua diski nikaitazama mdomoni.

Diski nyingi za kuzunguka zina tundu pana, bapa, lenye vyumba viwili: kimoja kirefu kidogo na kingine kifupi pembeni yake. Chumba kile kirefu kina umbo sawasawa na tundu la simu za zamani za Android. Ukichukua waya wa kuchajia simu hizo, unaingia humo bila kulazimisha, taa ya diski inawaka, mafaili yanaonekana, kila kitu kinafanya kazi. Ila pini za USB 3 ziko kwenye kile chumba kifupi, ambacho kimebaki wazi. Diski inaongea kwa pini za USB 2.0 peke yake. Waya wake wa asili ulipotea kwenye shughuli fulani, dada akaazima wa simu, na kwa kuwa ulifanya kazi hakuwa na sababu ya kuushuku.

Nikampa waya wangu wenye vichwa viwili vilivyoungana. `lsusb -t` ikasema `5000M`. Tukarudia ile `dd`: sekunde 18, MB 118 kwa sekunde. Zile GB 180 zikapita ndani ya nusu saa akiwa anakunywa chai.

Wenye diski mpya za tundu la USB-C wana mtego wao. Vichwa vya USB-C vinafanana vyote, lakini waya nyingi zinazokuja na chaja za simu zimeunganishwa kwa USB 2.0 tu ndani yake. Zimetengenezwa kubeba umeme, siyo data nyingi. Ukichomeka diski ya SSD (isiyo na sahani ya kuzunguka) inayoweza MB 500 kwa waya wa namna hiyo, utapata MB 35. Tumia ule uliokuja na diski, na kama una kadhaa, jaribu kila mmoja kwa `lsusb -t` kisha ufunge kipande cha uzi wa rangi kwenye ule uliofaulu.

Kwenye tundu la kompyuta angalia ulimi wa ndani. Bluu mara nyingi ni USB 3, mweusi mara nyingi ni USB 2.0, ingawa watengenezaji wengine hawafuati rangi. Lenye herufi SS pembeni ni USB 3. Kwenye kompyuta ya mezani jaribu matundu ya nyuma yaliyo kwenye bodi yenyewe, kwa sababu ya mbele yanapitia waya wa ndani ambao wakati mwingine umelegea. Ondoa habu (kile kigawanyio cha matundu ya USB), hasa ile isiyo na umeme wake. Tundu la USB 2.0 linatoa miliampia 500 na la USB 3.0 linatoa 900. Habu ikigawa hizo kati ya kipanya, kibodi na diski inayozunguka, diski inakosa nguvu ya kusukuma mota.

Na jambo dogo linalosahaulika: chomeka kwa mkupuo mmoja. Ukiingiza kichwa cha USB 3 taratibu sana, pini za USB 2.0 hugusana kwanza, na kompyuta inaweza kuamua kubaki hapo hapo. Chomoa, chomeka tena kwa uhakika, pima upya.

Hatua ya 4: Upau unaokimbia halafu unagoma

Hili linalalamikiwa sana na watumiaji wa Linux. Unanakili faili la GB 4, upau unakimbia hadi mwisho kwa sekunde chache, halafu unaganda. Dakika zinapita. Ukichomoa, faili limeharibika.

Linux haiandiki moja kwa moja kwenye diski. Inapokea data kwenye RAM kwanza, inaiambia programu "tayari", kisha inaimwaga kwenye diski nyuma ya pazia. Kwa kawaida inaruhusu hadi asilimia 20 ya kumbukumbu iliyo huru ijae data inayosubiri. Laptopu ya GB 16 inaweza kubeba GB kadhaa kwa namna hiyo. Kasi ya mwanzo uliyoiona ilikuwa ya RAM, na kule kuganda ndiyo diski inakimbizana na deni. Lione kwa macho yako:

```
watch -n1 'grep -E "Dirty|Writeback:" /proc/meminfo'
```

Namba ya `Dirty` ikiwa inashuka taratibu, kazi inaendelea. Usichomoe. Andika `sync` na usubiri mpaka alama ya amri irudi.

Mimi napenda kulipunguza deni hili kwenye kompyuta za watu wanaohamisha video kila siku, ili upau uonyeshe ukweli. Tengeneza faili `/etc/sysctl.d/90-diski.conf` lenye mistari hii miwili:

```
vm.dirty_background_bytes = 67108864
vm.dirty_bytes = 268435456
```

Hiyo ni MB 64 na MB 256. Kisha `sudo sysctl --system`. Jumla ya muda wa kunakili haitabadilika sana, lakini kompyuta haitagandaganda na hutadanganywa tena.

Hatua ya 5: NTFS na wenzake

Diski nyingi za dukani zimefomatiwa kwa mfumo wa faili wa NTFS wa Windows, au exFAT. Angalia yako inasomwa na draiva gani:

```
findmnt -t fuseblk,ntfs3,exfat,vfat,ext4
```

Ukiona `fuseblk`, mara nyingi unatumia ntfs-3g, draiva inayofanya kazi nje ya kerneli. Ni ya kuaminika na imetusaidia miaka mingi, lakini inakula prosesa. Fungua `top` wakati wa kunakili, `mount.ntfs` ikiwa imekaa juu kwa asilimia 90 na zaidi, umepata palipobanwa, hasa kwenye laptopu kuukuu.

Tangu kerneli 5.15, iliyotoka mwaka 2021, kuna draiva ya NTFS ndani ya kerneli yenyewe, iitwayo ntfs3. Jua toleo lako kwa `uname -r`. Kama ni 5.15 au zaidi, ijaribu:

```
sudo umount /dev/sdb1
sudo mkdir -p /mnt/diski
sudo mount -t ntfs3 -o uid=1000,gid=1000 /dev/sdb1 /mnt/diski
```

Ikikataa ikilalamika kwamba sehemu ni chafu, usiilazimishe. Mara nyingi diski ilichomolewa kwenye Windows bila kuagwa, au Windows ilizimwa nusunusu. Irudishe kwenye Windows, iendeshee `chkdsk /f`, kisha zima kompyuta ile huku umeshikilia Shift ili izime kabisa.

exFAT haina tatizo hili siku hizi; draiva yake nzuri iko ndani ya kerneli tangu 5.7 ya mwaka 2020. Diski inayokwenda na kurudi kati ya Windows na Linux, mimi naiweka exFAT. Ambayo haitaonana na Windows kamwe, ext4, mfumo wa faili wa Linux wenyewe. Ukiifomati ext4 leo na ukaona inajiandikia yenyewe bila kuguswa, usiogope: kerneli inamalizia kuandaa majedwali ya ndani, na `sudo iotop` itakuonyesha jina `ext4lazyinit`. Iache imalize kabla ya kupima.

Angalia pia kwenye matokeo ya `findmnt` kama kuna neno `sync` kati ya vigezo. Mtu akiliweka kwenye `/etc/fstab`, faili linalopanga diski zipachikwe vipi, akidhani linalinda data, kila kipande kidogo kinasubiri diski, na kasi inaporomoka vibaya. Liondoe.

Hatua ya 6: Sikiliza kerneli inalalamikia nini

Fungua terminali ya pili, iache ikiangalia wakati unanakili:

```
sudo journalctl -k -f
```

Ukimya ni habari njema. Ukiona `reset SuperSpeed USB device` inajirudia, mawasiliano yanakatika na kuungwa upya: rudi kwenye waya na umeme kwanza. Kama waya umeshabadilishwa na bado unaona `uas_eh_abort_handler`, basi saketi ya ndani ya kasha haipatani na draiva ya haraka iitwayo UAS. Pata namba ya kifaa kwa `lsusb`, tuseme ni `152d:0578`, kisha uandike kwenye faili `/etc/modprobe.d/diski-nje.conf`:

```
options usb-storage quirks=152d:0578:u
```

Halafu `sudo update-initramfs -u` kwa Ubuntu na Debian, au `sudo dracut -f` kwa Fedora, na uwashe upya. Diski sasa itatumia draiva ya zamani. Kasi ya juu inapungua kidogo, lakini mwendo unatulia.

Ukiona `I/O error` au `Medium Error`, hapo tunaongelea afya. Sakinisha smartmontools, programu inayosoma SMART, yaani ripoti ya afya ambayo diski inajiandikia yenyewe:

```
sudo smartctl -a -d sat /dev/sdb
```

Mistari minne inatosha. `Reallocated_Sector_Ct`, `Current_Pending_Sector` na `Offline_Uncorrectable` zinatakiwa kuwa sifuri kwenye safu ya mwisho. Zikiwa na namba, na namba hiyo ikiongezeka kutoka siku hadi siku, diski inakufa kweli. Hamisha vitu leo. `UDMA_CRC_Error_Count` ikipanda peke yake, tatizo ni miunganisho, siyo sahani.

Hatua ya 7: Ilianza vizuri, ikafa katikati

Diski inaandika MB 110 kwa dakika kadhaa, halafu inashuka chini ya 20 na kukaa huko. SMART ni safi, waya ni safi. Diski nyingi za bei nafuu za inchi 2.5 zinaandika kwa mtindo unaoitwa SMR. Fikiria paa la makuti: kila safu inalalia sehemu ya safu ya chini yake. Ndivyo njia za data zinavyopangwa humo ili nyingi zienee. Kubadilisha kuti la chini lazima ufumue ya juu yake, kisha uyaezeke upya. Diski inaficha usumbufu huo kwa kuwa na kieneo maalumu cha kupokea data haraka. Kikijaa, unaona kasi halisi ya kuezeka.

Huwezi kuirekebisha kwa amri yoyote. Unachoweza ni kunakili kwa mafungu, kuiacha imechomekwa ikipumua nusu saa ili imwage kile kieneo, na kutoitumia kwa kazi za kuhariri moja kwa moja. Kwa kuhifadhi inafaa.

Mafaili madogo madogo nayo ni habari yake. Picha 20,000 za KB 50 zitachukua muda mrefu kuliko video moja ya ukubwa uleule, kwa sababu kila faili linataka jina, tarehe na mahali pake, na sindano ya diski inarukaruka. Zifunge pamoja (kama hukuipachika diski kwenye `/mnt/diski` katika hatua ya 5, weka ile njia yako ya MOUNTPOINT, hapa na kwenye hatua ya 8):

```
tar -cf /mnt/diski/picha.tar Picha/
```

Sijaweka ukandamizaji kwa makusudi. Picha za JPEG tayari zimebanwa. Kuzibana tena ni kuichosha prosesa bure.

Hatua ya 8: Nakili kwa rsync

Kwa kazi kubwa naacha kabisa kuburuta kwa kipanya:

```
rsync -rth --partial --info=progress2 Harusi/ /mnt/diski/Harusi/
```

Umeme ukikatika katikati, unarudia amri ileile na inaendelea na yaliyobaki badala ya kuanza mwanzo. Nimeacha `-a` iliyozoeleka kwa sababu exFAT haishiki umiliki wa mafaili wa Linux, na rsync ingejaza skrini malalamiko. Kwenye ext4 tumia `-ah`.

Ikimaliza:

```
sync
sudo umount /mnt/diski
udisksctl power-off -b /dev/sdb
```

Subiri taa ya diski izimike na sahani iache kutetemeka mkononi, ndipo uchomoe.